Kutangaza Mpira Mubashara: Maswali Wanayouliza Wanaoanza

Mifano mingi hapa ni ya soka kwa kuwa ndiko wengi wanakoanzia. Anayelenga mchezo mwingine atapata neno lake kuelekea mwisho, ila asiruke maswali ya mwanzo, maana yanamhusu pia.

Kutangaza mpira ni kipaji, au mtu anaweza kufundishwa?

Anaweza kufundishwa, tena zaidi ya watu wanavyodhani. Sauti nzuri ni bahati, na kumbukumbu kali ni bahati, lakini kazi yenyewe ni kuona na kusema kwa pamoja. Anayeanza huona, akafikiri, akatafuta neno, ndipo akasema. Wakati huo mpira umeshapita miguu miwili mbele yake. Mazoezi yanapunguza hiyo safari ya kichwani hadi inabaki jicho na ulimi.

Usijipime kwa watangazaji waliokaa kazini miaka ishirini. Jipime kwa swali moja tu: aliyefumba macho akinisikiliza, anajua mpira uko wapi?

Nianze na mtindo wa redio au wa televisheni?

Redio, hata kama ndoto yako ni televisheni. Aliyezoea redio atajifunza kupunguza maneno akifika kwenye picha. Aliyezoea picha akipelekwa redioni hupwaya, kwa sababu hajawahi kulazimika kusema mpira uko upande gani.

Tatizo hili lina umri sawa na utangazaji wenyewe. Tarehe 22 Januari 1927 BBC ilirusha redioni mechi ya ligi kati ya Arsenal na Sheffield United kutoka uwanja wa Highbury, mtangazaji akiwa Teddy Wakelam. Ili msikilizaji asipotee, jarida la Radio Times lilikuwa limechapisha mchoro wa uwanja uliokatwa miraba yenye namba, na mtu wa pili kwenye kibanda alikuwa akitaja namba ya mraba ulipo mpira. Leo hakuna mchoro wala mtu wa pili wa kutaja namba. Miraba unayo wewe mdomoni: nusu ya nani, kulia au kushoto, karibu na mstari wa pembeni au katikati, ndani ya boksi au nje.

Tazama shambulizi moja, kwanza kiredio:

"Beki wa kulia wa Wekundu anao, bado yuko nusu yake. Anausogeza. Pasi fupi kwa kiungo, duara la katikati. Anageuka, anatazama kushoto, anaubadilisha upande! Winga wa kushoto, peke yake, hatua kumi kutoka kwenye boksi. Anamkabili beki. Anamtoka kwa nje. Krosi, ndefu, kichwa! Kipa kaudaka, mikono yote miwili. Bado hakuna mbabe, Wekundu sifuri, Weupe sifuri, dakika ya 31."

Shambulizi lilelile kwenye televisheni:

"Anaubadilisha upande. (kimya) Ana nafasi hapa. (kimya) Krosi yake... na kipa yuko makini."

Huyu wa pili hakuwa mvivu. Mtazamaji ameona kona zote, kwa hiyo mtangazaji amebaki na majina, hisia na kile ambacho kamera haikuonyesha. Ukimwambia mtu anachokiona mwenyewe, unamchosha ndani ya dakika tano.

Sina kituo, sina maiki. Nitafanyaje mazoezi?

Simu inayorekodi sauti inatosha. Weka mechi kwenye televisheni, zima sauti, rekodi dakika kumi na tano bila kusimama. Usirudi nyuma kurekebisha, kwa sababu hewani hakuna kurudi nyuma. Kisha iache hiyo rekodi mpaka kesho yake. Ukiisikiliza papo hapo, kichwa chako bado kina picha, na utajaza mwenyewe mapengo yote uliyoyaacha. Kesho picha imefutika, nawe unakuwa msikilizaji kama wasikilizaji wengine.

Unaposikiliza, chukua dakika moja tu uiandike neno kwa neno kwenye karatasi. Ni kazi ya kuudhi, lakini hakuna mwalimu mkali kuliko hiyo karatasi. Utaona "na pale sasa" imejirudia mara tisa. Utaona pasi tatu zilipigwa na hujasema hata moja ilielekea wapi. Utaona umepaza sauti kwa mpira wa kurushwa.

Siku nyingine toka nje, nenda kwenye mechi ya watoto au ya mtaani ambako humjui mtu. Kaa pembeni, nong'oneza kwenye simu, tumia namba za jezi na nafasi pekee. Uwanjani utagundua jambo ambalo televisheni inakuficha: hakuna anayekuchagulia pa kutazama. Kamera hukuletea mpira. Uwanjani jicho lako lazima liutafute, na wakati huohuo lione kocha anayepasha mtu moto.

Angalizo dogo. Kurekodi sauti yako nyumbani kwa ajili ya kujifunza ni jambo moja, na kurusha matangazo ya mechi mtandaoni ni jambo jingine. Mashindano makubwa yana wenye haki za matangazo. Hata mechi ndogo, muulize mwandaaji kabla ya kuirusha.

Nitaje matokeo mara ngapi?

Mara nyingi kuliko unavyoona inafaa. Wewe umekuwepo tangu dakika ya kwanza. Kuna mtu amewasha redio sekunde hii akiwa njiani, na hana subira. Red Barber, mtangazaji maarufu wa besiboli huko Marekani, alikuwa akiweka mbele yake saa ya mchanga ya dakika tatu. Mchanga ukiisha, anataja matokeo na kuigeuza. Kwa soka ya redioni mimi naona hata dakika tatu ni nyingi kidogo. Mpira ukitoka nje, taja. Kipa akichelewesha muda, taja. Kuna makosa mengi ya kumwomba msikilizaji radhi, lakini hajawahi kutokea anayelalamika kwamba ametajiwa matokeo kupita kiasi.

Na unapotaja matokeo taja na dakika. Moja bila dakika ya 12 si sawa na moja bila dakika ya 88.

Ulimi unanijikwaa mchezo ukienda kasi. Nifupishe vipi?

Anza na mchezaji, kitendo kifuate. Ukisema "anapiga pasi ndefu kuelekea upande wa kushoto, namba nane", msikilizaji amesubiri sentensi nzima kumjua mtu. "Namba nane, pasi ndefu, kushoto" imemaliza kazi. Mchezo ukishika kasi hata kitendo kidondoshe: "Nane. Kumi. Tena nane." Msikilizaji anaelewa kwamba mpira unatembea.

Kiswahili kinakupa pia njia ya kuonyesha kitu kilipo kwa wakati. "Anapiga" ni mguu bado uko hewani. "Kapiga" au "amepiga" mpira umeshaondoka. Marudio kwenye skrini nayo yaelezwe kwa "alipiga", ili aliyeko jikoni asidhani kuna shambulizi jipya. Wanaoanza huchanganya hizi tatu, msikilizaji akaruka kwenye kiti kwa goli lililofungwa dakika mbili zilizopita.

Jifunze pia vipimo vya uwanja, vinakuokoa kwenye kukadiria umbali. Boksi linaishia mita 16.5 kutoka mstari wa goli. Nukta ya penati iko mita 11. Duara la katikati lina nusu kipenyo cha mita 9.15, na huo ndio umbali ambao ukuta unatakiwa ukae kwenye mpira wa adhabu. Ukiyajua hayo hutasema "shuti la mita arobaini" kwa mpira uliopigwa hatua tatu nje ya boksi. Watangazaji wengi wana huo ugonjwa wa kurefusha mashuti.

Wachezaji 22, wote wanakimbia. Nitawatambuaje?

Kwa matayarisho, na kwa karatasi moja. Chukua karatasi ngumu isiyopeperuka, chora vikosi viwili kwa jinsi vitakavyosimama uwanjani, kila timu rangi yake ya kalamu. Katika kila kisanduku andika namba kwa maandishi makubwa, jina kama linavyotamkwa (siyo kama linavyoandikwa), na mambo mawili ya kumhusu. Wa akiba wakae pembeni mwa karatasi, kwa sababu mashindano mengi sasa yanaruhusu kubadilisha hadi watano, na ni baada ya mabadiliko hayo, dakika ya sabini na kitu, watangazaji wengi wanapoanza kubabaika. Kipindi cha pili timu zikibadilishana upande, geuza karatasi kichwa chini au uwe na ya pili.

Namba ya mgongoni haionekani mchezaji akikuelekea. Kwa hiyo wakati wa kupasha misuli moto weka karatasi chini, tazama watu. Nani ana mikono mirefu ya jezi? Nani amevaa viatu vya njano? Nani anakimbia ameinama? Mabeki wawili wa kati wanaofanana kwa umbo na nywele ndio mtego wa kila siku. Tafuta tofauti yao moja kabla ya filimbi, hata kama ni soksi zilizoshushwa.

Jina ukilitilia shaka namna ya kulitamka, muulize mwenyewe au mtu wa timu yake. Dakika mbili kando ya uwanja zinatosha. Mtu aliyetamkiwa vibaya jina lake mbele ya familia yake yote hasahau.

Na ukikosa kumtambua mtu, una "beki wa kati", una "winga wa kulia", una "mshambuliaji". Mchezo hauharibiki. Kubahatisha jina la mfungaji ndiko kunakoharibu.

Takwimu nibebe kiasi gani?

Zinazoingia kwenye karatasi hiyohiyo. Sehemu kubwa hutaitumia, na ndivyo inavyotakiwa kuwa. Takwimu inasubiri nafasi yake; ukiilazimisha kwa sababu uliitafuta usiku kucha, mpira unachezwa huku wewe unasoma.

Goli likiingia nifanyeje?

Hapa ndipo kila mtu anataka kuanzia, na kweli ndipo unapokumbukwa. Lakini sikiliza jinsi magoli maarufu yalivyotangazwa, uyasikilize tangu mwanzo wa shambulizi, usianzie kwenye ukelele.

Tarehe 22 Juni 1986, uwanja wa Azteca, Mexico, kwenye Kombe la Dunia, Diego Maradona wa Argentina aliuchukua mpira nusu yake mwenyewe na kuipita nusu ya timu ya Uingereza. Mtangazaji Víctor Hugo Morales alipasuka kwa hisia hewani, na hicho ndicho watu wanachokikumbuka. Rudisha nyuma sekunde kumi: anaanza kwa kusema Maradona anao mpira, wawili wanamkaba, anaukanyaga, anaondokea upande wa kulia. Nani, amekabwa na wangapi, anaelekea wapi. Kilio kilikuja juu ya maelezo yaliyonyooka, ndiyo maana hata leo asiyeona picha anaiona mbio ile.

Mpangilio wa kufuata ni huu. Sema goli mpira ukishavuka mstari, siyo ukielekea. Nyavu za pembeni zimewadanganya wengi, na mtambaa panya umewadanganya wengine. Taja mfungaji ukiwa na uhakika. Kisha nyamaza kidogo, acha umati usikike. Halafu matokeo na dakika. Ndipo urudi kueleza taratibu: pasi ilitoka kwa nani, mguu gani, kona ipi ya lango, kipa alikuwa wapi. Mpangilio huu unawachanganya wengi kwa sababu wanataka kusema vyote kwa pumzi moja.

Huo ukimya una nguvu kuliko sifa zozote. Vin Scully, aliyetangaza mechi za timu ya besiboli ya Dodgers kuanzia 1950 hadi 2016, alikuwa kwenye maiki tarehe 8 Aprili 1974 Hank Aaron alipoipita rekodi ya Babe Ruth kwa homurani (pigo linalouvusha mpira nje ya uwanja) yake ya 715. Aliutangaza mpira ulivyoruka hadi ukavuka ukuta, akanyamaza, akauacha uwanja uzungumze kwa muda mrefu. Aliporudi alikuwa na la kusema.

Kuhusu "goooooli" refu: kama pumzi yako inaruhusu na ni tabia yako, sawa. Kama unaiga, watu wanajua.

VAR je?

VAR, yaani waamuzi wanaopitia matukio kwa video, imeleta usumbufu, kwa sababu unashangilia goli ambalo linaweza kufutwa. Tangaza goli kama kawaida, ila jicho lako liende kwa mwamuzi msaidizi na kwa mwamuzi wa kati. Mshika kibendera siku hizi huchelewa kuinua bendera kwa makusudi mpaka shambulizi liishe. Mwamuzi akishika sikio, mwambie msikilizaji mara moja kuwa kuna jambo linaangaliwa. Usitabiri uamuzi. Eleza kinachochunguzwa: kuotea, mkono, au rafu iliyotangulia.

Nikikosea hewani?

Rekebisha kwa maneno matano, endelea. "Ni namba sita, siyo nane." Hakuna msikilizaji anayehitaji maelezo ya jua lililokupiga machoni. Kosa lisilorekebishwa ndilo linalokaa.

Mechi ikiwa imedorora niichangamshe?

Usiiongezee hatari isiyokuwepo. Msikilizaji akisikia unapiga kelele kwa kila pasi ya nyuma, hatakuamini goli litakapokuja kweli. Mechi iliyopooza ina mambo yake ya kusema: kwa nini imepooza? Nani anazibwa? Kocha anafanya nini? Upepo unawaathiri nani? Hapo ndipo ile karatasi yako ya matayarisho inapopata kazi.

Kuna kisa cha zamani kinachopendwa na watu wa kazi hii. Ronald Reagan, kabla hajawa mwigizaji wala rais, alitangaza besiboli miaka ya 1930 kwenye kituo cha redio kiitwacho WHO, mjini Des Moines, Marekani. Hakuwa uwanjani. Alikaa studio akisoma taarifa fupi zilizoingia kwa telegrafu na kuzigeuza kuwa mchezo. Kwa simulizi yake mwenyewe, siku moja laini ilikatika katikati ya mechi, naye akaendelea kumwambia msikilizaji kwamba mpigaji kapiga nje, kapiga nje tena, na tena, mpaka laini iliporudi. Kisa kinachekesha. Siku hizi usijaribu: msikilizaji wako ana simu mkononi, na matokeo anayo kabla yako.

Nikipangwa na mchambuzi, tugawane vipi?

Mpira ukiwa hai ni wa mtangazaji. Mpira ukifa ni wa mchambuzi. Vitabu vingeweza kuandikwa juu ya hilo, lakini sheria yenyewe haizidi hapo.

Kinachosumbua ni mchambuzi anayeendelea na hadithi huku winga akiingia kwenye boksi. Kubalianeni ishara mapema, kwa mfano kumgusa mkono: ukimgusa, anameza sentensi yake hata kama bado neno moja. Na wewe ukimwuliza, muulize swali la kujibika. "Beki huyu wa kushoto kwa nini anaachwa peke yake?" linampa pa kushika. "Unaonaje mchezo?" halimpi kitu.

Sauti yangu inakauka dakika ya 60.

Kwa sababu ulianzia juu. Dakika ya kwanza ongea kana kwamba unamweleza mtu aliye kando yako. Panda ngazi kadiri mpira unavyokaribia lango, na shuka shambulizi likiisha. Ukianza kwenye paa, goli likija huna pa kupanda isipokuwa kupasua koo.

Vuta pumzi kutoka tumboni, siyo kifuani, na uivute mpira ukiwa umetoka nje. Maji yasiyo baridi sana, kidogo kidogo. Kaa wima au simama. Ukijikunja juu ya meza unabana mapafu yako mwenyewe.

Mimi ni mwanamke na nimeambiwa sauti yangu ni nyembamba kwa mpira.

Aliyekuambia hivyo amezoea sauti za aina moja, basi. Jacqui Oatley alitangaza mechi kwenye kipindi cha Match of the Day cha BBC mwaka 2007, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo, na kelele zilikuwa nyingi kabla hata hajafungua mdomo. Mwaka 2018 Vicki Sparks akatangaza mubashara mechi ya Kombe la Dunia kwenye televisheni ya Uingereza. Kitaalamu ushauri ni uleule: shambulizi likipamba moto ongeza kasi na nguvu ya pumzi badala ya kupandisha sauti juu zaidi. Wanaume wenye sauti nyembamba wanaambiwa hivyohivyo, ila wao hawaambiwi waache kazi.

Kwenye kibanda cha matangazo nitakuta vifaa gani?

Mara nyingi hedifoni yenye maiki iliyoshikamana nayo, ili ukigeuza shingo maiki ikufuate. Vituo vingine bado vinatumia maiki ya kushika inayogusa mdomo wa juu. Inakata kelele za umati vizuri ajabu, lakini ukiisogeza mbali umepotea. Kuna kitufe cha kukohoa, kinachozima maiki yako kwa muda unaokibonyeza. Kijue kilipo kabla ya mechi.

Masikioni utasikia umati, utajisikia mwenyewe, na utasikia mwongozaji akikuambia mambo huku unaongea. Hili la mwisho ndilo gumu. Lifanyie mazoezi nyumbani: weka taarifa ya habari sikio moja, tangaza mechi, kisha jaribu kukumbuka kichwa cha habari kilichosomwa. Mwanzoni utanyamaza katikati ya sentensi. Baadaye hutanyamaza.

Nikitangaza kutoka studio, nikitazama skrini tu?

Siku hizi ni jambo la kawaida, hata kwa mashindano makubwa. Hasara yake ni kwamba huoni nje ya picha: nani anapasha moto, nani ameanguka nyuma ya mchezo. Usijifanye uko uwanjani.

Zima arifa zote za simu. Picha za mtandaoni huweza kuchelewa sekunde nyingi nyuma ya uwanja, na hakuna kinachoua utangazaji kama simu kukutetemekea goli ambalo skrini yako bado haijaliona. Sauti yako itabadilika bila wewe kutaka.

Michezo mingine inatofautianaje?

Hapa nitapita haraka. Kikapu: timu ina sekunde 24 kushambulia, alama zinaingia kila wakati, kwa hiyo huwezi kupasuka kwa kila kikapu, taja pengo la alama kuliko kufuata kila pasi. Mita 100 za riadha zinaisha katika sekunde kumi hivi, na wakimbiaji wanane hawatajiki wote. Sema nani kaondoka vizuri, nani yuko mbele katikati, nani kashinda, na muda uutaje baada ya kuwa rasmi. Mbio za marathoni, kilomita 42.195, ni kinyume kabisa: zaidi ya saa mbili ambazo matayarisho yako yote yataliwa. Voliboli, seti ya alama 25 na ya tano alama 15, inakupa mapumziko baada ya kila mpira kufa. Tenisi kwenye televisheni: mpira ukichezwa, nyamaza. Ngumi zinataka mkono upi na umetua wapi.

Naruhusiwa kuipenda timu moja?

Ukiwa kwenye chombo cha timu hiyo, ndiyo, na wasikilizaji wanalijua hilo. Kwingineko, hapana. Kipimo ni rahisi: sikiliza goli la timu usiyoipenda kwenye rekodi yako, kisha goli la unayoipenda. Kama yanatofautiana kwa sauti, mashabiki wameshakujua.

Kukitokea jambo la kutisha uwanjani?

Tarehe 12 Juni 2021, Copenhagen, Christian Eriksen wa Denmark alianguka uwanjani kwenye mechi dhidi ya Finland, moyo wake ukiwa umesimama. Watangazaji duniani kote walilazimika kujaza muda bila kujua lolote.

Sema unachokiona na uache hapo. "Madaktari wako naye. Wachezaji wenzake wamemzunguka." Usitaje ugonjwa, usikisie, usitumie neno kifo. Familia yake inaweza kuwa inakusikiliza wewe. Punguza sauti, punguza kasi, rudia yaliyothibitishwa tu, na ruhusu kimya. Mchambuzi naye aache uchambuzi. Mchezo ukiendelea baadaye usiruke moja kwa moja kwenye vichekesho.

Nikiomba kazi nitume rekodi gani?

Wengi hutuma mkusanyiko wa magoli sita wakipiga kelele. Msikilizaji wa kituo ameshasikia mia kama hizo. Tuma dakika tano zisizokatwa za mchezo wa kawaida, ikibidi hata bila goli, na ndani yake iwemo angalau mara moja unapokea zamu ya kuongea kutoka kwa mchambuzi au unamrudishia. Hizo dakika tano zinaonyesha kama unajua mpira uko wapi. Goli moja uliweke mwishoni, likiwa na sekunde ishirini za kabla yake. Andika juu yake ni mechi gani, na kwamba uliitangaza kwa redio au kwa picha.

Mechi yangu ya kwanza, nifike saa ngapi?

Saa mbili kabla ya filimbi, si chini. Orodha za vikosi hutoka karibu saa moja kabla, na wakati huo uwe umeshakaa, umejaribu maiki, umeona jua litakuwa upande gani kipindi cha pili, na umehakikisha hakuna nguzo inayokuficha kibendera cha kona. Linganisha orodha na karatasi yako namba kwa namba. Mara nyingi kuna mmoja aliyebadilishiwa jezi. Uliza kama kuna mabadiliko ya dakika za mwisho, na uulize nani atakupa taarifa za majeruhi. Chukua kalamu mbili. Choo kitafute mapema, na ukiendee kabla timu hazijatoka, maana mapumziko ni dakika 15 na wewe utakuwa bado uko hewani kwa nusu yake.